Besi Inayongojewa Soy

...na hata wakifungua barabara sasa hivi, saa hii hii, bado kuna kutoka hapa mjini mpaka Soy, halafu kutoka lami ya Soy mpaka kwao ni matope matupu, na Kinyanjui haendeshi haraka, pikapu yake imezoea kubeba viazi, anaogopa kuvunja springi, kwa hivyo tuseme wafungue sasa, tuseme huyu afande ashushe mkono, tutafika wakiimba wimbo wa mwisho, au wameshamaliza, wanarudisha udongo, na mama yake Jackson atainua macho aone pikapu ikiingia kwa boma, aseme mnaona, hata kumzika bwana yake ameshindwa kuja mapema, si niliwaambia... lakini afande hashushi mkono, amesimama katikati ya Uganda Road na glavu zake nyeupe, nyuma yake barabara ni tupu kabisa, sijawahi kuiona hivi, imefagiwa, mawe ya kando yamepakwa chokaa jana, na huku kando ni watu, watoto wa shule na vibendera vya karatasi, akina mama wa vikundi vya ngoma ndani ya sare zao, malori, trekta moja, mabasi ya Kitale yote yamezimwa injini, na sisi, pikapu moja yenye kasha kubwa jeusi nyuma, na ndani ya kasha besi ya kanisa, ile tarumbeta kubwa, na Jackson Kibet, mume wangu, analala Soy tangu jana bila mimi. Tangu jana. Usiku wa kwanza amelala kwao bila mimi tangu tuoane, na wala siye aliyetaka. "Mama, ingia ndani, hii baridi itakuua," Kinyanjui ananiita kutoka kwa dirisha, nami namwambia sawa, lakini siingii, nikiingia ndani nitakaa tu nikiangalia mgongo wa lori lililo mbele, heri nisimame hapa karibu na kasha, mkono juu ya kasha, huenda wakafungua ghafla, nitaruka tu nyuma tuende. Kinyanjui ni mtu mzuri. Asubuhi alinikuta nimekaa mlangoni kwetu Munyaka, juu ya kasha, nimejifunga kitambaa kichwani, viatu vya kanisa miguuni, giza bado, nikingoja gari ambalo Jeruto aliniahidi, Jeruto dada yake Jackson, alinitazama machoni jana pale mochari akaniambia shemeji, gari hii imejaa, lakini usijali, asubuhi tutakutumia gari nyingine, nami nikasema asante, nikasema asante kama mtu aliyepewa zawadi, na huku naona kwa macho yangu nafasi iko, kando ya jeneza kulikuwa na nafasi ya watu wawili, watatu, waliweka hapo magunia ya sukari na unga. Nikangoja. Lori la kanisa lilikuwa limeshaondoka na wenzangu wa bendi, Mwalimu Wanyonyi mkuu wa bendi alitaka kunipitia jana usiku nikamtumia salamu nikamwambia hapana, mimi nakuja na watu wa nyumbani kwa bwana yangu, nyinyi tangulieni, nitakuja na besi, nilitaka niseme hivyo, watu wa nyumbani kwa bwana yangu, nilitaka nisikie maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu. Kukapambazuka. Watoto wakaenda shule. Kinyanjui, jirani wa ploti, alikuwa akipakia viazi vyake vya soko, akapita mara ya kwanza akasema pole mama, mara ya pili akasimama akanitazama akasema, "Hao hawaji, mama." Hivyo tu. Kisha akaanza kuteremsha magunia aliyokuwa amekwisha kupakia, moja moja, peke yake, mtu wa umri wake, na mimi badala ya kumsaidia nikabaki nimekaa nikimwangalia kwa sababu nilijua nikisimama nimekubali kwamba hawaji. "Anakuja! Anakuja!" watu wanapiga makelele, watoto wanainua vibendera, wanawake wanaanza wimbo, na kumbe ni pikipiki moja ya polisi inapita mbio, basi, wimbo unakufa katikati, mtoto mmoja analia amekanyagwa mguu. Hakuji mtu. Tangu tuliposimama hapa amekuja mara ngapi huyo Mkubwa wa serikali, na bado hajaja. Nilienda nikamwomba afande, nilienda mwenyewe mpaka katikati ya barabara tupu, watu wote wananiangalia, nikamwambia afande, nina msiba, nazika bwana yangu leo, akaniangalia vizuri tu, hakuwa mtu mbaya, akasema, "Pole sana, mama. Lakini hakuna gari inasonga mpaka apite. Hata ingekuwa mimi nazika." Akaniambia hivyo, hata ingekuwa mimi, na nikaona ni kweli, kama mama yake angekuwa ndani ya jeneza hapo kando ya barabara angesimama vivyo hivyo na mkono juu. Nikarudi. Sasa ni saa ngapi, jua limeinuka, baridi haijaondoka, huko watakuwa wanasoma maisha yake, wanasoma alizaliwa, alisoma, akaenda Eldoret kiwandani, alikuwa mcha Mungu, na wakifika pale pa kusema alioa wataharakisha, au watakohoa, au watapaacha, kwa sababu alioa Nelima, na Nelima ni Mbukusu, hilo lingeweza kusamehewa, lakini Nelima hakuzaa... "Wewe mama! Hii ni nini hapa nyuma?" Nani huyu, kijana wa chama, shati jekundu, beji ya kifuani inang'aa, rungu mkononi, anagonga kasha kwa rungu, ko, ko, ko, nasikia kwa meno yangu, hajui kama ndani kuna kitu kinaweza kubonyea. "Nauliza, hii ni nini?" Nikamwambia ni kesi. "Kesi gani?" Kesi ya besi. "Mama, usinichezee hapa leo, kesi ya nani? Iko kortini?" na Kinyanjui ametoka ndani ya pikapu mbio, kofia mkononi, anacheka kicheko cha woga, anasema, mkubwa, kesi ni sanduku, sanduku la tarumbeta, ile kubwa, ya kanisa, na mimi, Mungu nisamehe, kidogo nicheke, kwa sababu huu ulikuwa mchezo wa Jackson, kila Jumapili akitoka mlangoni alimwambia jirani, leo nina kesi nzito, niombeeni, na jirani mpya aliamini kweli anashtakiwa, akatuletea maziwa. "Fungua." Nafungua. Vile vyuma viwili vya mbele, kisha cha kando kinachokwama, unakisukuma kwa gumba, na kifuniko kinainuka, na hiyo hapo, imelala ndani ya kitambaa chekundu kilichochakaa, shaba yote, nimeing'arisha kwa brasso juzi usiku nilipokosa usingizi, uso wangu umo ndani ya mdomo wake mpana, umevutika kama uso wa mtu mwingine, na watu wanasogea kuona, wanasema aaah, watoto wanapanda tairi, na yule kijana anasahau ukali wake, anakuwa mtoto naye. "Heh! Hii kitu inalia?" Inalia. "Nani anapiga?" Mimi. "Wewe? Wewe mwanamke?" na anageuka kuwaambia wenzake njooni muone, kisha naona wazo linamfikia usoni, naliona kabla hajalisema. "Basi, mama, wewe ndio Mungu ametuletea, hawa watoto wako na ngoma tu, Mkubwa akipita utapiga hii, simama pale mbele, utapiga ile ya karibu, karibu baba, asikie Eldoret iko na bendi." Kinyanjui ananitazama. Macho yake yanasema, mama, piga tu kidogo, tupite. Wote wananitazama. Na kidomo cha kupulizia hiki hapa ndani ya mfuko wa sweta yangu, nimekishika, kina joto la mkono wangu, Jackson alikiweka hivyo siku za baridi, alisema chuma baridi inaua midomo, na mimi namtazama yule kijana na nasikia sauti yangu ikisema kwa utulivu kabisa, haiwezekani, mwanangu, kidomo chake kimetangulia na wenzangu, bila kidomo hii ni sufuria tu. "Kwa nini mlitenganisha?" Kwa sababu ya msiba. "Msiba gani?" Wa aliyeipiga kabla yangu. Aliangalia besi, akaniangalia mimi, viatu vyangu, kitambaa changu, akavua kofia, akairudisha, kijana wa watu, naye kuna mahali amezaliwa, akasema, "Funga basi, mama, vumbi," akaenda zake kupanga watoto. Ningeweza kumpigia huyo Mkubwa? Hata ningetaka? Besi hii haijapigwa tangu pumzi yangu ya mwisho kwa Jackson pale hospitali, hapana, hatukupiga hospitali, nasema nini, ilikuwa nyumbani, usiku wa kuamkia kumpeleka, alitaka kusikia ile sauti ya chini kabisa, ile ya kumaliza, nikampigia pole pole jirani wasiamke, na yeye alikuwa amelala upande, vidole vyake juu ya blanketi vinabonyeza, kimoja, vitatu, viwili na vitatu, vinabonyeza vitufe ambavyo havipo... Tulianza hivyo. Yeye vidole, mimi pumzi. Kifua chake kilipoanza kukataa, lile vumbi la pamba la kiwandani, daktari alisema mapafu, hakusema zaidi, Jackson alirudi kutoka mazoezi jioni moja akaweka kasha chini katikati ya nyumba akasema, "Nelima, njoo hapa, kalia hii stuli, nipulizie." Nikafikiri anatania. Mwanamke apige besi? Watu wanicheke? Akanikalisha, akaiweka mapajani mwangu, nzito kama mtoto mkubwa anayekataa kushuka, akasema kaza midomo, kama unatema mbegu ya chungwa, nikapuliza, hakuna, nikapuliza, ikatoka sauti ya ng'ombe mwenye tumbo, jirani akagonga ukuta, na Jackson akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukuta, mgongo wake ukipanda na kushuka, na mimi nimekwama chini ya shaba yote hiyo siwezi hata kuinuka kumshika. Hivyo kila jioni. Mimi napuliza, yeye amepiga magoti kando yangu, vidole vyake kwenye vitufe, na tukipatia, ikitoka sauti moja kamili, nilikuwa nahisi imetoka ndani ya mtu mmoja. Kulikuwa na siku nilichoka. Nilitoka kazini miguu imevimba, nikamwambia Jackson, wacha leo, wacha kabisa, kuna vijana kanisani, mfundishe kijana, mimi hii kitu sitaki, na akakasirika, mtu mpole vile, akapiga meza, "Utapiga! Utapiga hata kama utanichukia!" nami nikampigia, machozi yananitoka, nikifikiri huyu mtu anaipenda besi kuliko mimi, anakufa na anachoogopa ni besi kukosa mtu. Nilifikiri hivyo kweli. Nimefikiri hivyo mpaka... "Mama, shika hii." Ni mama mmoja kando yangu, mnene, sare ya kikundi, leso yenye picha ya Mkubwa kiunoni, ananipa chai kwa kifuniko cha thamosi, anasema anaitwa Akello, anauza samaki soko la chini, wameletwa hapa alfajiri na lori la chifu, "Kunywa, wewe umepauka," nakunywa, ni tamu sana, namrudishia kifuniko, anakipangusa kwa leso. Tulikuwa tunalibeba wawili, hili kasha. Kwanza Jackson alilifunga kwenye baiskeli kwa mipira, akasukuma peke yake akipiga mluzi, kisha mluzi ukaisha, kisha nikashika upande mmoja yeye upande mmoja, na tulikuwa tukipumzika mara moja tu, pale kwa duka la kona, kisha mara mbili, kwa duka na kwa kalvati, kisha kwa mti wa posta, kwa lango la shule, kwa yule fundi wa viatu, mahali pa kupumzika pakaongezeka mpaka fundi wa viatu akatutolea benchi, na mwisho mimi nikasukuma baiskeli na kasha, yeye akanifuata nyuma mikono mitupu, polepole, mtu wa miaka arobaini, na nikisimama kumngoja alinipungia mkono, nenda, nenda, "Usiningoje! Kalia kiti, wasianze bila besi!" na nilikuwa nafika, nakalia kiti, tunaimba wimbo wa kwanza, wa pili, na mlango wa kanisa unafunguka nyuma kabisa naye anaingia, anakaa kwa benchi la mwisho na wageni, mwenye kiti cha besi, na uso wake... alikuwa anafurahi. Mbona alikuwa anafurahi? Nilikuwa naona uso ule kutoka mbele, nikaudhika, nikasema moyoni, sasa amepata, besi yake ina mtu. Na jana. Jana jioni walipotoka mochari walipitia nyumbani, wajomba wawili na Jeruto na lori, wakasema wanachukua vitu vya Kibet, ndiyo desturi, wakachukua kitanda, redio, baiskeli, kabati la vyombo, nguo zake, hata lile koti ambalo nilitaka kubaki nalo, nikawaambia lile koti tu, Jeruto akasema shemeji usifanye mambo iwe ngumu, na mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya lori hakushuka, hakuniangalia, na mjomba mmoja akashika kasha, upande mmoja, akaita mwenzake ashike upande wa pili, na Mwalimu Wanyonyi, alikuwa amekuja kutoa pole, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, akasimama mbele ya mlango akasema, "Hiyo hapana. Hiyo ni ya kanisa. Na kiti chake ni cha Nelima, Jackson alitufanya tukubali wote kabla hajalala hospitali, mbele ya bendi yote, akasema kiti ni chake mpaka yeye mwenyewe aseme amechoka, si mtu mwingine." Wakaliweka chini. Wakaenda. Nyumba ikabaki na stuli, na jiko, na mimi, na hili. Na nikaona ni jambo la besi tu, nikashukuru kwamba angalau besi imebaki, nikaipiga brasso... hapana, brasso ilikuwa juzi, siku zinachanganyika... Ngoja. Ngoja kwanza. Alijua. Aliwajua watu wake, alimjua mama yake, alijua watapita na lori. Alijua baiskeli itaenda, kitanda kitaenda, hata yeye mwenyewe ataenda, atalazwa Soy kando ya baba yake na hakuna atakayenitengea nafasi hapo, na akakaa na hiyo akilini mwake usiku na mchana huku anakohoa, akitafuta ni kitu gani anaweza kuniachia ambacho hakiwezi kupakiwa kwa lori. Si mtu wa besi aliyekuwa anatafuta. Angepata vijana kumi. Alikuwa ananitafutia mimi watu. Jumapili kuna watu ishirini ambao hawawezi kuanza kabla sijakaa. Nikichelewa watauliza Nelima yuko wapi. Nikiugua watatuma mtu Munyaka. Ndiyo maana alikaa kwa benchi la mwisho akafurahi, hakuwa anaangalia besi, Jackson, ulikuwa unaniangalia mimi nimekaa katikati ya watu, ulikuwa unajizoeza kutokuwepo, na mimi nilikuchukia, jioni zile nilikuchukia kidogo, na hukujitetea hata neno moja, ulisema tu kaza midomo, mbegu ya chungwa, tena, tena... "Mama," ni Kinyanjui, amekuja kando yangu, kofia bado mkononi, anaongea chini chini, "mama, saa imeenda. Kusema ukweli watakuwa wamezika. Unataka turudi nyumbani? Nitakupeleka kesho, polepole, bila watu." Namwambia hapana, Baba Wahu, tutaenda. Wakifungua tutaenda. "Hata kama wamemaliza?" Hata kama wamemaliza, hata kama wanakula, hata kama wameondoka wote, sitaki waniangalie tena, sina haja Jeruto aseme huyu alikuja, sina haja ya kusomwa pale mbele, nataka kumwona yeye tu, udongo wake ukiwa mbichi, nimwambie nimeelewa, nimechelewa lakini nimeelewa. Kinyanjui anaitikia kwa kichwa, anarudi ndani, anafunga mlango wa pikapu taratibu kama mtu anayefunga nyumba yenye mtoto amelala. Na tangu Ijumaa sijalia. Hospitalini sikulia, nilikuwa nahesabu ni nani wa kwao amefika, mochari sikulia, nilikuwa naangalia nafasi ndani ya gari, asubuhi sikulia, nilikuwa nasikiliza kama kuna injini, siku zote hizi nimegombana na mama yake ndani ya kichwa changu, nimemjibu, nimemshinda, nimemwomba, na Jackson amekufa. Jackson amekufa. Mtu mwenye vidole vile, aliyenunua machungwa ya kunifundishia midomo na akayala yeye. Kinaanzia chini, chini ya kifua, pale aliponifundisha kuanzia pumzi, kinapanda, siwezi kukirudisha, naegemea kasha na mikono yote miwili, mabega yanatikisika, mdomo umefunguka mbele ya watoto wa shule, mbele ya afande, mbele ya barabara yote iliyofagiwa, na sioni haya. Watoto wananitazama. "Anakuja! Anakuja!" mtu anaita huko mbele, na wanasimama, wanainua vibendera, na ni gari la maji tu. Mkono mzito unanishika begani, ni Akello, amefungua leso yake kiunoni, ananipangusa uso kama mtoto, leso inanuka samaki na moshi, na sauti yake ni ya huruma kabisa. "Najua, mama, najua," ananiambia. "Hata mimi mwaka jana Mkubwa alipopita nililia hivyo hivyo. Lakini usimalize machozi yote sasa, bado hajafika." Nami namwambia ndiyo, bado hajafika, asante mama, na naendelea kulia.